Kidole cha Sita

Alhamisi, saa tano na dakika kumi za usiku, Wete.
Umeme umerudi, simu ina asilimia kumi na tisa,
na Zaituni, fundi wa vyerehani anayesikia nguo zikinong'ona,
bado hana mkono wa kushoto.

Nimeuchora mara kumi na moja.
Wa kwanza ulikuwa mwiko.
Wa nne, chane la ndizi.
Wa tisa nusura uwe mkono,
nikaukuza kwenye kioo,
nikaona ukucha wa gumba umeelekea Tumbe
ilhali gumba lenyewe linatazama Mkoani.
Nikaufuta.

Ukumbini mama ana kofia ya viua mapajani,
mwezi wa tatu sasa, tundu kwa tundu,
uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe,
kazi ya kuumiza macho ya mtu mzima.
"Hulali?"
"Nina kazi."
"Kakuagiza nani?"

Hapo hunyamaza.
Ya kwake ina bwana harusi, ina tarehe, ina arubuni.
Ya kwangu ina Alhamisi tu,
niliyojitangazia mwenyewe kwa mdomo wangu mrefu
mwaka juzi, wakati sina ajira
na usiku ulikuwa wangu mzima.
Siku hizi kutwa nauza dawa duka la Bwana Mbarouk,
nachora nikishafunga,
na Zaituni anazeeka kwenye simu
akisubiri nimalize pindo la baibui lake.

"Hata mie," mama kasema, hakuinua uso,
"hapa kisogoni nimeruka tundu mbili."
"Si ataona?"
"Mvaaji hana macho kisogoni."
"Na wa safu ya nyuma, msikitini?"
Akauma uzi, akaukata.
"Huyo si anasali?"

Nikacheka, nikarudi kwa Zaituni.
Ukuta wa nyuma yake nikauacha mtupu,
nikajidai ni chokaa.
Mkasi nikauficha chini ya kitambaa.
Mkono nikauchora wa kumi na mbili, haraka,
kama mtu anayekimbilia kufunga dirisha mvua imeshaingia.
Saa sita kasoro dakika mbili.
Nikatuma.

Asubuhi, ujumbe wa kwanza, wa mtu simjui:
"Vidole sita! Siku hizi unachoresha mashine?"

Nikahesabu kwa ncha ya kalamu.
Sita.
Nikahesabu kuanzia upande wa pili,
labda nitapata vitano.
Sita.

Mashine!
Mie mwenye shingo iliyokakamaa kama mchi,
mie niliyekunywa chai ya rangi mpaka ikageuka dawa,
kosa lile nimelitenda kwa mkono wangu huu,
wenye vitano, na kimoja kina plasta.
Mashine ingelala mapema.

Nilitaka kuuondoa ukurasa.
Niurudishe wiki ijayo, au mwezi ujao,
ukiwa na mkono wa kuonyeshea watu,
na ukuta wenye nyufa zake zote,
na kivuli cha kila sindano.
Kidole kilikuwa kishafika kwenye kufuta.

Ujumbe wa pili ukaingia, kwa simu ya mtu mwingine:
"Mimi ni Sumaiya Shaame wa Konde, darasa la nne.
Baba hununua bando Alhamisi tu, la siku moja.
Jana nilisubiri nikalala. Nimesoma sasa hivi, sijaenda skuli.
Naomba kuuliza. Vidole vitano vinasikia nguo.
Cha sita kinasikia nini?"

Sijamjibu.
Chai imepoa, duka limenichelewa,
na mama ananiita nimtungie uzi sindanoni.
Cha sita kinasikia nini?
Sijui, mwanangu. Mie nilikosea hesabu.

Lakini nimefungua ukurasa mpya, mweupe.
Nina siku sita, pamoja na leo.
Nimeanza na mkono,
na safari hii, kabla ya wino,
nimehesabu kwanza:
sita.